Mwani Usiopata pa Kushika

Kijana akija kujifunza kazi ya pampu, huenda moja kwa moja kwenye mota. Anaigusa, anaisikiliza, anauliza inakunywa mazutu, yaani dizeli, kiasi gani. Simlaumu. Mota ina kelele na moshi, na mwenye kelele ndiye anayeonekana anafanya kazi. Mimi nilikuwa nikimshika mkono na kumgeuza upande wa ziwa, namwonyesha pale bomba linapozama. Namwambia: ugonjwa utausikia hapa, lakini umeanza kule usikoona.

Kule mwisho wa bomba, chini ya maji, kuna krepini. Ni kichujio cha chuma chenye matundu, mfano wa kikombe kilichotobolewa, kinachozuia majani, mchanga na samaki wadogo wasipande mpaka kwenye pampu. Juu yake kuna klape, kifuniko kidogo kinachoruhusu maji kupanda na kuyakataza kurudi. Hakuna waya wa umeme, hakuna gia. Kwa kifaa kisicho na akili yoyote, kimenisumbua sana. Sasa mgongo umenistaafisha kabla ya umri kufanya hivyo, na nina muda wa kuwaeleza kilichonisumbua.

Watu wanasifu maji ya Ziwa Tanganyika kwamba ni safi. Ni kweli, unaona mawe chini. Lakini ziwa hili halipendi kitu kikae uchi. Zamisha chuma, ubao au plastiki, na litakivalisha. Kwanza unakuja utelezi usioonekana kwa macho, unaousikia kwa vidole tu. Juu ya utelezi huo unakaa mwani wa kijani, halafu manyoya ya kahawia, halafu konokono wadogo na vitu vigumu kama ukoko wa wali. Nguo ya kwanza ndiyo inayoita nguo nyingine zote. Kumbukeni hilo hata mkisahau mengine.

Nimezaliwa Lubarika, kwenye mifereji ya mpunga. Tulipokuwa watoto tulijua kwamba jiwe la mfereji lililo laini kama yai lilisafishwa na maji yenyewe, na jiwe lenye mikwaruzo lilikuwa na ndevu mwaka mzima. Tulilijua kwa sababu kwenye mawe yenye ndevu ndiko tulikoteleza na kuanguka. Lakini kujua kitu kwa makalio si sawa na kukijua kwa kichwa, na ilinichukua miaka mingi kuhamisha maarifa hayo kutoka chini kwenda juu.

Ninyi mliozaliwa baadaye mnaniuliza, vita gani? Swali ni la haki. Vilikuwa zaidi ya kimoja, vikafuatana mpaka tukaacha kuvipa majina. Ninachosimulia kilitokea katika kimoja cha hivyo, wakati bomba la maji ya mlimani lilipokatwa juu ya mji na kipindupindu kikaingia Kalundu, mtaa wa bandari wa Uvira. Watu wa bondeni, wa Katogota, wa Bwegera, na wa kwetu Lubarika, walikuwa wameteremka Uvira na mikeka yao kichwani. Karibu na ufuko zikasimamishwa hema za wagonjwa. Pampu ndogo ya mazutu iliyokuwa ikimwagilia mpunga huko Bwegera ililetwa kwa lori, nami nikaletwa pamoja nayo kama kipuri, kwa kuwa nilikuwa nikiijua.

Maji yalitoka ziwani, yakapanda kwenye tangi lililokuwa juu ya mteremko, na pale Mama Esperansi, muuguzi mkuu, alipima klori kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniambia, "Papa Byamungu, mugonjwa ya kipindupindu hanaombaka dawa. Anaomba maji. Ile mashini yako ikilala, minye niko nahesabu batu benye kufa."

Mashini ililala mara kwa mara. Ufuko ule maji hayana kina kirefu na jua linafika mpaka chini, kwa hiyo mwani ulistawi kama mchicha. Krepini ikiziba, mota ilianza kukohoa, bomba likatetemeka, na tangini kukafika hewa badala ya maji. Hapo ilibidi mtu azame akaisafishe, maana kulivuta bomba zima nje na kulirudisha kulikula siku nzima bila maji. Mtu huyo alikuwa Kashindi.

Kashindi alikuwa mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, asiye na kazi, kwa sababu ilikuwa imetoka amri kwamba hakuna mtu kwenye ziwa. Waliokuwa na bunduki mjini waliogopa watu wanaovuka kwenda Burundi. Waliokuwa na bunduki mlimani waliogopa watu wanaotoka huko. Kambi ya hao wa mjini, iliyokuwa ufukoni, ilitupa ruhusa ya kuzama, tukiinua kitambaa cheupe juu ya fimbo. Wale wa mlimani hakuna aliyekuwa amewauliza. Kichwa kikitokea juu ya maji, kwao kilikuwa kichwa tu.

"Kashindi, ngoja kwanza," nilikuwa nikimwambia.

"Ningoje nini? Kipindupindu nayo inangojaka?"

Akavua shati, akampa mkewe, akaingia. Mkewe tulimwita Mama Furaha, kwa jina la binti yao mkubwa. Siku moja aliniangalia usoni bila salamu.

"Papa Byamungu, banasema uko fundi."

"Najaribu, mama."

"Basi tengeneza ile kitu, bwana yangu asiingiye tena mu maji. Minye sina bwana ingine ku kabati."

Nilicheka, yeye hakucheka. Tangu siku ile, kazi yangu haikuwa tena kuifanya pampu ivute. Kazi yangu ilikuwa kumtoa Kashindi majini, na maji yaendelee kufika tangini.

Kosa letu la kwanza lilitoka jikoni. Huku kwetu sufuria ya mama inasomwa na wageni. Inasuguliwa kwa mchanga wa ziwa na majani mpaka ujione uso ndani yake, na sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba nzima. Kwa hiyo sisi sote, bila hata kujadiliana, tulijua namna ya kusafisha krepini: mchanga na brashi ya waya. Kashindi alizama na hivyo viwili, akasugua mpaka pumzi imwishie. Siku tulipoitoa nje tukaisugua vizuri zaidi, ikang'aa kama sufuria ya harusi. Tukapongezana. Mwani ukarudi upesi kuliko mwanzo. Tukasugua kwa nguvu zaidi, ukarudi upesi zaidi. Tulilaumu jua, tukalaumu ziwa, mzee mmoja akalaumu mazutu.

Nilikata vipande viwili vya bati kutoka kwenye debe moja. Kimoja nilikisugua kwa mchanga, kingine nilikiacha kilivyotoka kiwandani. Nikavifunga kwenye kamba moja, nikavizamisha mahali pamoja, maana ukitaka kulinganisha vitu viwili lazima vitofautiane kwa jambo moja tu. Nilipovitoa, kile laini kilikuwa na utelezi uliotoka kwa kidole. Kile kilichosuguliwa kilikuwa na ndevu, na kila unywele ulikuwa umejikita ndani ya mkwaruzo tulioufungua sisi wenyewe. Tulikuwa tunaulimia mwani shamba.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya kopo. Kashindi alilipata bandarini: rangi nyekundu, ile ambayo meli za chuma hupakwa chini ili zisiote kitu. Tulifurahi sana. Nikalipeleka kwa Mama Esperansi kumwonyesha kwamba mateso yameisha.

"Inauaka mwani namna gani?" akauliza.

"Iko na sumu, mama. Inatoka kidogo kidogo mu maji."

"Na ile maji inaendaka wapi?"

Nilitazama kopo, nikatazama hema. Mwani na mtoto wananyonya maji yale yale. Kopo nikalirudisha, na Kashindi akaendelea kuzama.

Mama Zaina ndiye aliyekuwa akipika uji wa wagonjwa, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Kila asubuhi nilipita jikoni kwake, na kila asubuhi nilimwona akifanya jambo ambalo mama yangu pia alilifanya na ambalo sikuwahi kulitazama. Kabla ya kuweka sufuria kwenye mafiga, aliipaka sabuni nje, kitakoni na ubavuni kote.

"Mama Zaina, unaoshaka sufuria mbele ya kupika?"

"Weye Papa Byamungu! Umekulaka chakula miaka yote hii, haujaingiaka mu jikoni? Napaka sabuni sababu ya masizi."

"Sabuni inakataza masizi?"

"Nani atakataza masizi? Masizi itakuja tu, moto iko moto. Lakini ikikuja ishike sabuni, isishike sufuria. Nikimwanga maji, yote inaenda." Akanitazama. "Sasa umesimama mbele ya moto yangu juu ya nini? Unataka uji?"

Nilikuwa nimesimama kwa sababu sikuweza kutembea na kufikiri kwa pamoja. Siku zote nilikuwa nauliza namna ya kuukataza mwani usije. Mama Zaina hakuwa akimkataza mtu. Aliacha uchafu uje, akaunyima mahali pa kushika. Wala hakuua kitu.

Kwa hiyo nilianza na sabuni, kwa sababu anayejifundisha mwenyewe hana aibu ya kuanza na jambo la kijinga. Jioni sabuni yote ilikuwa imeyeyuka, na tangini kulikuwa na povu. Mama Esperansi alishuka mteremko akaniuliza, "Papa, leo unatuletea maji ama unatufulia?" Baada ya sabuni nikapaka mawese. Samaki wadogo wakaja kutoka pande zote kuyala. Tulikuwa tumewafungulia mgahawa. Baada ya mawese nikapaka nta ya nyuki wa milimani. Nta ilinipa matumaini: mwani ulikaa juu yake bila kujikita. Lakini ni laini, mchanga unaobebwa na mawimbi uliichora, na palipochorwa mwani ukaota. Majaribio haya yote niliyafanya kwa vipande vya bati kwenye kamba. Krepini sikuigusa. Msijaribu kitu kipya kwenye kifaa mnachokitegemea mkiwa na bati na kamba.

Nilimweleza Mama Zaina ninachotafuta: kitu laini kama nta, kisichoyeyuka, kisicho na sumu, kinachorudi kwenye umbo lake kikikwaruzwa. Akanituma kwa kaka yake, Muzee Ramazani, aliyekuwa na kinkayeri, duka la misumari na vitasa, lililokuwa limefungua mlango nusu tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na boksi la vumbi.

"Silikoni ya vioo," akasema. "Niliileta mbele ya vita. Sasa nani anaweka vioo? Batu banaokota vioo chini, habaweki. Beba yote, unitolee nafasi."

"Muzee, sijui kama itafaa."

"Ikifaa, kuja uniambie. Ikikataa, usikuje kunihuzunisha. Minye niko na huzuni za kunitosha."

Silikoni mnaijua, ile inayotoka kwenye mrija kama dawa ya meno na kunuka siki mpaka ikauke. Ikishakauka inakuwa kama raba, lakini raba ya ajabu. Nilidondosha tone la maji juu yake, likabingirika. Nilibandika plasta ya hospitali, ikaanguka yenyewe. Ni vigumu kuwaeleza furaha ya mtu mzima anayetazama plasta ikianguka.

Bati lenye silikoni lilipotoka ziwani lilikuwa limevaa kama mengine. Halafu nikalitikisa ndani ya maji kwa nguvu, na lile vazi lote likatoka kwa kipande kimoja, kama ngozi ya nyoka. Chini bati lilikuwa kama nilivyolizamisha.

Nilitaka kuipaka krepini siku hiyo hiyo. Mama Esperansi alikataa. "Ile rangi nyekundu pia ulisema iko muzuri," akasema, na alikuwa na haki. Tukachukua mabeseni mawili ya maji ya ziwa. Katika moja tukaweka bati lenye silikoni iliyokauka na kuisha harufu, katika jingine bati tupu, na katika yote mawili vitoto vya samaki aina ya ngege. Kisha tukangoja.

Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kazi yote, kwa sababu mota haikungoja. Ilikohoa adhuhuri, Kashindi akazama, nami nikiwa nimeinua fimbo yenye kitambaa. Risasi zilitoka mlimani. Ya kwanza ilipiga maji mbali, nyingine karibu na pale alipozamia. Mama Furaha alitembea moja kwa moja kuelekea majini kana kwamba anakwenda kumchukua mtoto shuleni, tukamshika. Kashindi alitokea chini ya gati, kati ya nguzo, akabaki pale na pua tu nje mpaka mlima uliponyamaza. Alipotoka, midomo yake ilikuwa imefifia.

"Krepini nimeisafisha," akasema.

Mkewe akamfunga kitenge mabegani. Akampitisha mbele yangu kama wanapita nguzo. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda kwenye mabeseni. Ngege walikuwa wakiogelea, katika yote mawili. Mama Esperansi aliwatazama, akachota kikombe kwenye beseni la silikoni, akakitia klori, akaninyooshea. Nikanywa. Alingoja hadi kesho yake, akaniona niko salama na ngege wako salama, ndipo akasema, "Paka."

Nawaambia namna tulivyopaka, kwa sababu wengi wenu mtaharibu hapa. Tulijaza bidoni zote maji, tukazima mota, tukavuta bomba kwa kamba mpaka krepini ikatoka bila mtu kuingia ziwani. Tuliondoa mikwaruzo yetu wenyewe kwa msasa laini. Tuliosha kwa maji ya moto na sabuni, tukasuuza, tukakausha juani. Silikoni ya kwanza ilibanduka yote kama ganda la ndizi, kwa sababu nilikuwa nimeshika chuma kwa vidole vyenye mazutu: kitu kinachokataa kushikwa nacho hakishiki kwa urahisi. Tukaanza upya. Safari hii nilinawa kama daktari. Silikoni unaisambaza kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, nayo inalala laini bila kukung'ang'ania. Kila tundu unalipitishia kijiti kabla halijaziba. Kisha unaacha ikauke mpaka harufu ya siki iishe kabisa, hata kama watu wanakusimamia wakiuliza utamaliza lini.

Jambo la mwisho lilikuwa waya. Bati tulilitikisa kwa mkono. Nani angeitikisa krepini chini ya ziwa? Nilifunga waya kwenye mkono wa klape, nikauleta mpaka nchi kavu. Ukizima mota na kuvuta waya, klape inafunguka, na maji yaliyo kwenye bomba kutoka tangini yanashuka kwa kishindo na kutokea kwenye matundu ya krepini kinyumenyume. Niliwahi kujaribu hilo zamani, kabla ya silikoni, na mwani haukutikisika. Maji peke yake hayatoshi, na uso laini peke yake hautoshi. Kimoja kinalegeza, kingine kinaondoa.

Miaka ya baadaye, barabara zilipofunguka, injenieri mmoja aliyepita Uvira alinieleza kwamba hata meli kubwa za baharini siku hizi hupakwa vitu vya namna hii badala ya sumu, na kwamba meli yenye vazi hilo inajisafisha ikikimbia na inachafuka ikilala. Alinieleza pia kuhusu nyuso zinazochongwa kwa mistari midogo isiyoonekana, ili mbegu ya mwani isipate pa kukalia. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Leo mnaweza kununua makopo ya rangi zisizo na sumu zilizo tayari, bora kuliko silikoni ya vioo. Nunueni. Lakini someni kopo kama Mama Esperansi: ulizeni inafanyaje kazi, na maji yanakwenda wapi.

Turudi Kalundu. Krepini ilipozama na vazi lake, pampu ilivuta kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Watu wakaanza kunipongeza, nikawakataza. Na asubuhi moja mota ikakohoa.

Wote walikuwa wanajua maana ya kikohozi kile. Mama Zaina alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mama Esperansi alisimama kwenye mlango wa hema. Kashindi alikuwa tayari amevua shati, anatazama mlimani, na Mama Furaha alikuwa amelishika lile shati kwa mikono miwili.

"Ngoja," nikasema.

"Tulingojaka tayari," Kashindi akajibu.

Nilizima mota. Nikavuta waya. Kwa muda hapakuwa na kitu, nikafikiri waya umekatika. Halafu bomba lilinguruma miguuni petu, na kule mbele maji ya ziwa yakachemka. Wingu la kijani na kahawia likapanda, kisha vipande vikubwa, kimoja baada ya kingine, vikaelea na kuanza kwenda na mkondo. Konokono wadogo walikuwa bado wamekaa juu yake, wanasafiri. Niliachia waya, nikajaza pampu maji, nikawasha mota. Ilikohoa mara moja kwa mazoea, kisha ikanyooka. Kutoka juu ya mteremko, mtu aliyekuwa kwenye tangi akapaza sauti: "Inakuja! Inakuja mingi!"

Mama Esperansi akaingia ndani ya hema, na nikamsikia akiagiza vikombe.

Kashindi alibaki amesimama, kifua wazi, kama mtu aliyefika kwenye msiba akaambiwa hakuna aliyekufa.

"Sasa minye niko na kazi gani?"

"Kuvuta waya," nikasema.

"Kuvuta waya? Ile ni kazi ya muntu muzima?"

"Vaa shati," mkewe akasema, akamtupia usoni. "Papa Byamungu, ile waya ata minye naweza kuvuta."

Nikampa. Mota ilikuwa inafanya kazi, klape ilikuwa wazi tayari, hapakuwa na haja yoyote ya kuvuta. Alivuta. Kisha akavuta tena, kwa nguvu, akicheka na kulia kwa pamoja, na fundi mzima nilisimama pale nikamwacha.